Pasaka ya Magari

Kwenye kijiwe cha bodaboda cha Kwa Mathias, Jumapili mchana, simu moja huegemezwa kwenye tangi la pikipiki na vichwa sita huinama juu yake. Ni MotoGP. Bando limechangwa. Abiria akija, mwenye zamu huondoka akinung'unika, na akirudi huuliza nani anaongoza kabla hajazima injini. Hakuna kati yao aliyewahi kuhudhuria mbio hizo. Ubingwa wa dunia wa pikipiki ulianza mwaka 1949, na barani Afrika ni Afrika Kusini tu iliyowahi kuandaa raundi yake: Kyalami katika miaka ya 1980 na tena 1992, kisha Welkom kuanzia 1999 hadi 2004, mwaka ambao Valentino Rossi alishinda pale mbio zake za kwanza akiwa na Yamaha. Tangu hapo, anayetaka kuziona kwa macho yake apande ndege.

Wikiendi ya mashindano kama hayo ina utaratibu wake: Ijumaa mazoezi, Jumamosi kugombea nafasi ya kuanzia, Jumapili mbio zenyewe. Mtazamaji hununua tiketi, hukaa jukwaani, na pikipiki zilezile humpitia mzunguko baada ya mzunguko. Babu yangu, akipita kijiweni kwenda dukani, huitikia shikamoo zao, huichungulia ile simu na kusema, "Sisi yalitufuata." Halafu huyo, anakwenda zake. Vijana hucheka. Mimi nilichukua miaka kumuuliza ni nini kiliwafuata.

Ni magari. Mashindano ya East African Safari, kila Pasaka. Babu hakumbuki mwaka. Anakumbuka watu waliojipanga ukingoni mwa barabara ya Morogoro, watoto wameshikwa mikono wasichomoke, na Peugeot lililopita kabla hajamaliza kugeuza shingo. Anakumbuka pia kwamba bingwa alikuwa "mzungu wa Dar." Hilo la mwisho sikuliamini. Wazee wa kila mahali hupenda bingwa awe wa kwao.

Lakini lilikuwa kweli. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na akarudia 1967, mara zote kwa Peugeot 404, msoma ramani wake akiwa Chris Rothwell. Niliona aibu kidogo. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, nimefundishwa kuheshimu masimulizi ya mdomo, na simulizi ya kwanza niliyopewa nyumbani niliitilia shaka mpaka nilipoikuta imechapishwa kwa Kiingereza.

Mashindano yenyewe yalizaliwa mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Magari yaliondoka mwishoni mwa Mei. Wiki chache kabla yake, Aprili, Jomo Kenyatta alikuwa amehukumiwa kifungo cha miaka saba kule Kapenguria, na Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari. Njia ilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Wengi wa waliosimama kando yake hawakuwa na kura wala gari, na hakuna aliyewauliza kama barabara yao igeuzwe uwanja wa sherehe ya mtu mwingine. Hata neno safari lilitoka kwenye lugha yao.

Ningependa kuandika kwamba walisusa. Walijaa barabarani, na zaidi ya hapo, walipewa kazi. Njia kubwa ilikuwa ya udongo na Pasaka huangukia masika. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena, na ushindi wa miaka yote miwili ulikwenda kwa Nick Nowicki na Paddy Cliff. Gari likizama kwenye tope usiku, dereva alikuwa na watu wa kijiji kile tu, waliokunja suruali na kusukuma. Picha za enzi hizo zimejaa migongo yao. Maelezo chini ya picha humtaja dereva, msoma ramani na aina ya gari. Nimezitazama mno picha hizo, mpaka siku hizi najikuta nahesabu mikono iliyoshika buti.

Ushindi wa pili wa Shankland ulikuja Machi 1967, wiki saba hivi baada ya Azimio la Arusha. Nchi iliyotoka kutangaza ujamaa na kujitegemea ilikuwa kando ya barabara ikishangilia bidhaa za viwanda vya Ulaya. Nilimuuliza Babu kama hawakuona mgongano. Akaniuliza mgongano wa gari gani.

Mwaka 1972 mashindano yalianzia Dar es Salaam. Gari la kwenda Morogoro, au la kukata kaskazini pale Chalinze, hupita Kibaha. Safari hiyo alishinda Hannu Mikkola wa Ufini kwa Ford Escort, mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kuwashinda wenyeji. Kibaha ilikuwa na sababu yake ya kujua Ufini iko wapi: shule, kituo cha afya na chuo cha wakulima pale Tumbi vilijengwa kwa mradi wa nchi za Nordiki, uliokabidhiwa kwa serikali mwaka 1970.

Mwaka uliofuata akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, miezi michache baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia nchini humo. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mashindano yalikuwa yamebaki ndani ya Kenya tu. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mwaka huohuo Jumuiya ikavunjika. Kenya iliendelea nayo kwenye ubingwa wa dunia hadi 2002, na yakarudi 2021 kule Naivasha. Huku kwetu Pasaka ikabaki na mabasi.

Kilichovuka baadaye ni neno. Bodaboda lilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa vijana waliowabeba watu kwa baiskeli kutoka boda hadi boda. Leo ndilo jina la kazi ya hawa walioinamia simu.

Jumapili iliyopita Babu alikaa nao kidogo. Mpanda pikipiki mmoja akaanguka kwenye kona, akaviringika changaraweni.

"Huyo nani anamnyanyua?" Babu akauliza.

"Kuna watu maalumu wa uwanja, babu. Wana sare kabisa."

"Sasa nyinyi mnafanya nini?"

Abiria wa kwenda Tumbi alikuwa ameshafika, na mwenye zamu alikuwa anatafuta kofia yake ngumu.