Idhini ya Kutenganisha Shughuli za Vyama vya Ushirika wa Umeme Jimboni Virginia, Marekani, 1999–2010

1.0 Utangulizi

Mwaka 1999 Bunge la Jimbo la Virginia lilipitisha sheria ya kuunda upya sekta ya umeme. Sheria hiyo ilimtaka kila mtoa huduma ya umeme aliyekuwapo jimboni atenganishe kazi tatu zilizokuwa zikisimamiwa pamoja kwa miongo mingi: kuzalisha umeme, kuusafirisha kwenye njia kuu, na kuusambaza hadi nyumbani kwa mtumiaji. Mpango wa utenganisho ulipaswa kufikishwa mbele ya Tume ya Mashirika ya Jimbo ifikapo tarehe 1 Januari 2001, na utenganisho wenyewe kukamilika ifikapo 1 Januari 2002. Agizo hilo liliyahusu makampuni makubwa ya wenye hisa, na liliwahusu vilevile wanaushirika wa vijijini, ambao ndio wamiliki wa vyama vyao na ndio wanaolipa ankara.

Makala haya yanachunguza maana ya idhini hiyo kwa vyama vya ushirika. Maandishi mengi kuhusu mageuzi ya umeme nchini Marekani yamejikita katika makampuni makubwa na katika msukosuko wa California wa 2000 na 2001, na vyama vya ushirika vimetajwa pembeni tu, kana kwamba ni makampuni madogo. Hoja inayotetewa hapa ni tofauti. Vyama vya Virginia vilikuwa vimekwisha kutenganisha uzalishaji na usambazaji miaka mingi kabla ya sheria. Kilichoviunganisha kilikuwa mkataba wa muda mrefu wa kununua umeme. Sheria iligusa vitabu vya hesabu na kuuacha mkataba huo, ilhali mzigo wa fedha za wanachama ulikuwa ndani ya mkataba.

2.0 Vyama vilivyozaliwa vikiwa wasambazaji

Katikati ya miaka ya 1930 takribani shamba moja tu kati ya kumi nchini Marekani ndilo lililokuwa na umeme, wakati mijini nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kuunganishwa. Makampuni binafsi yaliona kwamba kusimamisha nguzo maili kadhaa kwa ajili ya wateja wachache hakulipi. Tarehe 11 Mei 1935 Rais Franklin Roosevelt aliunda kwa agizo idara ya umeme vijijini, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuipa idara hiyo uhai wa kudumu. Ilitarajiwa awali kwamba makampuni yangechukua mikopo ya serikali ili kupanua huduma. Wakulima walioungana katika vyama ndio waliojitokeza zaidi. Mwaka 1944 riba ya mikopo hiyo iliwekwa kuwa asilimia 2 na muda wa kulipa ukarefushwa hadi miaka 35.

Fedha hizo zilinunua nguzo, nyaya, transfoma na mita. Umeme wenyewe vyama vingi viliununua kwa jumla, mara nyingi kutoka kwa makampuni yaleyale yaliyokataa kufika vijijini. Mpangilio huo haukukosa kejeli, na wanachama waliifahamu: waliwategemea kwa umeme wale waliowanyima umeme. Ndiyo sababu mwaka 1948 vyama vya Virginia viliunda chama cha ngazi ya juu, Old Dominion Electric Cooperative, kiwe mikono yao katika kutafuta umeme wa jumla. Kwa miongo mitatu na zaidi chama hicho hakikumiliki mtambo. Mwaka 1983 kilinunua asilimia 11.6 ya kituo cha nyuklia cha North Anna, na baadaye kikamiliki nusu ya kituo cha makaa ya mawe cha Clover, katika kaunti ya Halifax, ambacho mitambo yake miwili ilianza kazi mwaka 1995 na 1996. Katika vituo vyote viwili mbia wake alikuwa Virginia Electric and Power Company, kampuni kubwa kuliko zote jimboni.

Hivyo ilipofika 1999 vyama vya chini, kama Rappahannock Electric Cooperative (uliotokana na kuungana kwa vyama viwili mwaka 1980) na Northern Virginia Electric Cooperative (ulioundwa kwa njia hiyohiyo mwaka 1983), vilikuwa wasambazaji, na mzalishaji alikuwa chombo kingine chenye bodi yake na madeni yake. Lakini wamiliki wa mzalishaji huyo walikuwa vyama hivyohivyo: kumi na viwili kwa jumla, vikiwamo kimoja cha Maryland na kimoja cha Delaware. Vilikuwa vimejifunga kununua kwake karibu umeme wao wote. Benki na serikali zilikopesha fedha za kujenga mitambo kwa kuangalia mikataba hiyo, kwani bila mnunuzi wa uhakika kituo cha makaa cha mamia ya megawati ni dhamana dhaifu.

3.0 Sheria na masharti ya idhini

Mwaka 1996 mdhibiti wa nishati wa serikali kuu ya Marekani alikuwa ameagiza wenye njia kuu za umeme wazifungue kwa wazalishaji wengine kwa masharti sawa. Virginia ilitaka kwenda hatua moja mbele, hadi kwa mtumiaji wa mwisho. Kuanzia 1 Januari 2002 hadi 1 Januari 2004 wateja wote walipaswa kupewa, kwa awamu, haki ya kuchagua muuzaji wa umeme. Nyaya zingebaki mikononi mwa msambazaji yuleyule, chini ya udhibiti. Biashara ya nishati ingeachwa kwa ushindani.

Ushindani wa namna hiyo hauwezekani ikiwa mwenye nyaya anaweza kuficha gharama za mitambo yake ndani ya ada ya nyaya. Kwa hiyo Tume ilipewa jukumu la kutunga kanuni za kuzuia kitengo kimoja kubebeshwa gharama za kingine, kuzuia upendeleo baina ya vitengo vya mtoa huduma mmoja, na kuzuia msambazaji asimbague muuzaji wa nje kwa faida ya mshirika wake. Idhini ya mpango ilitegemea mambo hayo, na Tume ilikuwa na uwezo wa kuweka masharti kuhusu bei na uhakika wa huduma. Tume hiyo iliundwa na katiba ya jimbo ya 1902, ina makamishna watatu wanaochaguliwa na Bunge, na hukaa kama mahakama. Virginia ni miongoni mwa majimbo machache ambako bei za vyama vya ushirika ziliidhinishwa na mdhibiti. Kwingi bodi za wanachama huamua zenyewe. Vyama vya Virginia vilikuwa vimezoea kusimama mbele yake.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataona mfanano. Mwaka huohuo wa 1999 Uganda ilipitisha Sheria ya Umeme, na mwaka 2001 Bodi ya Umeme ya Uganda ikagawanywa kuwa makampuni matatu ya uzalishaji, usafirishaji na usambazaji. Fikra ilikuwa moja. Lakini Uganda ilikata mwili mmoja wa serikali vipande vitatu, na kila kipande kilionekana. Kwa mwanaushirika wa bonde la Shenandoah hakukuwa na mwili wa kukata. Chama chake hakikuwa na mtambo wa maana wa kuhamishia kwingine. Kilikuwa na gharama ya kununua umeme na gharama ya kuufikisha, na utenganisho ukawa kazi ya kugawa gharama hizo katika hesabu na katika bei, ili ijulikane ipi ni ya nishati, ipi ya njia kuu na ipi ya usambazaji.

Kazi hiyo haikuwa ya kudharauliwa. Fundi anayepanda nguzo, karani anayesoma mita na gari linalokwenda kurekebisha hitilafu wakati wa dhoruba hutumikia shughuli zaidi ya moja, na kila kanuni ya kugawa gharama zao humpendelea mtu. Kwa kampuni ya wenye hisa, kosa la mgawanyo humhamishia mwenye hisa fedha za mteja au kinyume chake. Katika ushirika watu hao wawili ni mmoja, kwa kuwa ziada ya mwaka ni ya wanachama kwa kadiri ya matumizi ya kila mmoja. Je, Tume ilikuwa inamlinda nani basi? Ilimlinda muuzaji wa nje aliyetarajiwa kuja, na pia mwanachama mdogo wa nyumbani dhidi ya mwanachama mkubwa wa kiwandani, ambaye angeweza kuondoka na kuacha gharama nyuma. Ulinzi huu wa pili haukuandikwa wazi katika sheria, lakini ndio wenye maana zaidi kwa historia ya ushirika.

Kulikuwa pia na suala la kodi. Chama cha ushirika wa umeme husamehewa kodi ya mapato ya serikali kuu ikiwa angalau asilimia 85 ya mapato yake yanatoka kwa wanachama. Kadiri chama kilivyofungua nyaya zake kwa wengine, ndivyo mapato yasiyo ya wanachama yalivyoweza kukisogeza kwenye mpaka huo. Bunge la Marekani lilirekebisha kanuni hiyo mwaka 2004, likatoa mapato ya aina hiyo nje ya hesabu. Mdhibiti wa jimbo hakuwa na mamlaka juu ya jambo hilo.

4.0 Mkataba uliobaki nje

Bei za jumla za Old Dominion zilikuwa chini ya mdhibiti wa serikali kuu. Tume ya Virginia iliweza kuchunguza jinsi chama cha chini kilivyoandika gharama ya umeme katika vitabu vyake, lakini haikuweza kuamua gharama hiyo iwe kiasi gani. Madeni ya Clover na North Anna yalipita juu ya kichwa cha idhini.

Waliotunga sheria hawakulisahau tatizo la mitambo ambayo bei ya soko isingeweza kuilipia. Waliweka kikomo cha bei, na wakaruhusu mteja anayeondoka atozwe ada ya nyaya iliyo sawa na tofauti kati ya bei hiyo na bei ya soko. Aidha, vyama vya ushirika vilipewa haki na wajibu wa kuwauzia umeme, katika maeneo yao, wale ambao hawakuchagua muuzaji mwingine. Vipengele hivi vikisomwa pamoja, matokeo yake yanatabirika. Soko likiwa nafuu kuliko kikomo, ada ya nyaya ilikula unafuu wote. Soko likiwa ghali, hakuna aliyekuwa na sababu ya kukiacha kikomo. Muuzaji wa nje hakubakiziwa nafasi ya kupata faida. Kudai, kama ilivyodaiwa mara kwa mara, kwamba ushindani ulishindwa Virginia kwa sababu ya hofu iliyotoka California ni kuona nusu ya jambo. Hofu ilikuwapo, na kuanguka kwa Enron mnamo Desemba 2001 kuliizidisha, lakini hesabu ya sheria yenyewe ilitosha kuufunga mlango.

Mwezi huohuo wa Desemba 2001 Tume ilikataa ombi la Virginia Electric and Power Company la kuhamishia mitambo yake kwenye kampuni tofauti, ikaagiza utenganisho ufanywe kwa kuunda idara ndani ya kampuni ileile. Kwa uamuzi huo kampuni kubwa ilitenganishwa kwa hesabu tu, karibu kama vyama vya ushirika.

5.0 Baada ya idhini

Miaka iliyofuata Tume ililiarifu Bunge mara kwa mara kwamba wauzaji washindani walikuwa wachache mno. Mwaka 2004 kikomo cha bei kiliongezwa muda hadi mwisho wa 2010. Mwaka 2007 Bunge likabadili mwelekeo: kikomo kikapangwa kwisha tarehe 31 Desemba 2008, udhibiti wa bei za uzalishaji ukarudishwa, na haki ya kuchagua ikabanwa, ikabaki hasa kwa watumiaji wakubwa wanaozidi megawati 5.

Utenganisho wa kweli ulitokea mwisho wa 2008, pale Northern Virginia Electric Cooperative kilipojitoa katika Old Dominion na kuanza kujitafutia umeme. Eneo lake, lililo pembezoni mwa Washington, lilikuwa likikua kwa kasi isiyofanana na ya kaunti za mashamba, na maslahi yake yalikuwa yameanza kuachana na ya wenzake. Waliobaki walikuwa kumi na moja, na mitambo ilikuwa ileile. Jambo hilo liliamuliwa kwa mazungumzo juu ya mkataba, nje ya kanuni za 1999.

Mfano wa upande wa pili ni Potomac Edison, kampuni ya kundi la Allegheny iliyohudumia kaskazini-magharibi mwa jimbo. Mwaka 2000 iliruhusiwa kuhamisha karibu mitambo yake yote kwenye kampuni dada, ikabaki hasa na nyaya. Kampuni dada iliiuzia umeme kwa bei iliyolingana na kikomo hadi katikati ya 2007. Mkataba huo ulipokwisha, ililazimika kununua kwa bei ya soko wakati bei kwa wateja wake ilikuwa bado imefungwa, na ikaingia katika mvutano na Tume juu ya nani alipe tofauti. Mwaka 2010 iliuza mtandao wake wa Virginia, wenye wateja takribani 100,000, kwa Rappahannock Electric Cooperative na Shenandoah Valley Electric Cooperative, kwa idhini ya Tume.

Kuanzia tarehe 1 Juni 2010 wateja hao walikuwa wanachama wenye kura katika mikutano ya mwaka. Nyaya zilikuwa zilezile zilizopita juu ya mashamba yao siku iliyotangulia.