Shati la Drafti Katika Ofisi za London

Shati la drafti lilikuwa vazi la shambani Uingereza kabla ya kuingia ofisini. Mfano mzuri ni drafti ya tattersall, yenye mistari myembamba ya rangi mbili inayokatizana juu ya kitambaa cheupe au cha rangi ya maziwa. Jina lake linatokana na mnada wa farasi ulioanzishwa na Richard Tattersall mjini London mwaka 1766. Mablanketi ya farasi yalikuwa na miraba ya aina hiyo. Kwa hiyo drafti ilibeba harufu ya zizi na uwindaji, na ikabaki shambani.

Mjini, katika karne ya 19, lilitawala shati jeupe. Weupe ulikuwa ushahidi wa mali: ni mwenye uwezo wa kulipia dobi mara kwa mara tu aliyeweza kuudumisha. Kitambaa chenye rangi au mistari kilishukiwa kuficha uchafu, shutuma nzito kwa karani aliyetaka kukabidhiwa fedha za watu. Mistari ilikubaliwa kwanza, mara nyingi ikiambatana na kola nyeupe. Drafti ilisubiri zaidi.

Hata Marekani, kampuni ya IBM ilijulikana kwa mashati yake meupe hadi ilipolegeza desturi hiyo mwaka 1995. Drafti iliyopenya ofisini hatimaye ni ile ndogo, ya buluu na nyeupe, ambayo kwa mbali huonekana kama rangi moja.