Injini ikigonga: lini uendelee na safari, lini uzime gari

Katika mikoa yetu ya Shinyanga na Geita gari kongwe ni mtaji. Noah inayopakia abiria Kahama, Probox ya mchomoko kati ya Geita na Katoro, pikapu inayobeba viroba vya mawe kutoka duarani kwenda kwenye karasha: mengi ya magari haya yalitembea Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kufika huku, na leo kuna familia inayokula kupitia gari moja tu.

Siku injini inapoanza kugonga, dereva hujiuliza swali moja: niendelee au nizime? Jibu linategemea aina ya mlio. Upo mlio unaokuruhusu kufika gereji ukiendesha taratibu, na upo ambao kilomita chache tu zinatosha kuua injini. Makala hii inaeleza namna ya kuutofautisha, na nini cha kufanya kwa kila mmoja.

Kwanza tazama taa ya oili

Injini ikigonga huku taa nyekundu ya oili inawaka, paki pembeni na uzime hapo hapo. Usiseme utasogea hadi kituo cha mbele. Taa hiyo inasema presha ya oili imeshuka, na bila presha vyuma vinasagana vikavu.

Sasa pima oili. Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa, subiri dakika 5 hadi 10 ili oili ishuke. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena usome. Oili inatakiwa iwe kati ya alama mbili. Kwa magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni takriban lita moja. Usizidishe, maana oili ikizidi hupigwa povu na haiwezi tena kulainisha vizuri.

Kama oili ilikuwa chini, ongeza, kisha washa na usikilize. Mlio ukiisha na taa ikazima, endesha taratibu hadi gereji ukatafute ilikopotelea. Mlio ukibaki, au taa ikiendelea kuwaka, zima na utafute gari la kukuvuta. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maana maji yameingia. Gari hilo nalo lisiwashwe tena.

Je, ni injini kweli?

Dereva anaweza kuingia gharama ya kufungua injini wakati ugonjwa uko kwingine. Fanya jaribio hili: simamisha gari, weka nyutro, funga breki ya mkono, kisha kanyaga mafuta polepole. Mlio ukiongezeka kasi pamoja na injini, tatizo liko kwenye injini au vitu vinavyozungushwa nayo. Usiposikika kabisa, na ukarudi tu gari linapopita kwenye mashimo, angalia shokapu, bushi na miguu ya gari.

Mikono inayoshikilia injini ikikatika, injini hupiga bodi wakati wa kuingiza gia au kuondoka. Pampu ya maji, beringi ya altaneta na bati la ekzosi lililolegea nazo hutoa milio inayofanana na kugonga kwa injini.

Namna ya kusikiliza

Chukua bisibisi ndefu. Gusisha ncha yake kwenye injini na mpini wake karibu na sikio, kama daktari anavyosikiliza kifua. Anza juu, kwenye kifuniko cha valvu, kisha shuka hadi kwenye sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Mahali mlio unapozidi ndipo ugonjwa ulipo. Kaa mbali na feni na mikanda, na usivae skafu wala nguo zinazoning'inia.

Kama uko kijijini na fundi yuko mjini, tumia simu yako. Rekodi sekunde 10 juu ya injini na sekunde 10 chini, kwanza ikiwa kwenye sailensa, kisha ukikanyaga mafuta kidogo. Mtumie fundi unayemwamini kabla hujaamua kulitembeza gari.

Mlio wa kokoto: moto unaolipuka vibaya

Huu ni mlio mwembamba, kama kokoto ndogo zinazotikiswa ndani ya kopo. Husikika unapopanda mlima, ukiwa na mzigo mkubwa au ukikanyaga mafuta kwa nguvu. Ukilegeza mguu, unapotea.

Kwa kawaida plagi hutoa cheche, moto ukasambaa ndani ya silinda kwa mpangilio na kuisukuma pistoni chini. Joto likizidi, au petroli ikiwa dhaifu, sehemu ambayo moto haujaifikia hulipuka yenyewe kwa mkupuo. Mlipuko huo ndio unaousikia. Ukiachwa uendelee kwa muda, huvunja ringi, hutoboa pistoni au hukata gasketi ya silinda hedi.

Lipo jambo la kwetu la kuzingatia hapa. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya ardhi ya Geita na Shinyanga iko juu zaidi ya hapo. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na hewa nyepesi hupunguza mlio wa aina hii. Kwa hiyo gari linalolia kokoto huku kwetu lisidharauliwe. Likishuka pwani litalia zaidi.

Ukiusikia njiani, shuka gia, punguza mwendo na usikanyage mafuta hadi chini. Kwa namna hiyo utafika. Ukishafika, tafuta chanzo kwa mpangilio huu, kuanzia kisicho na gharama kubwa:

1. Joto. Injini ikiwa imepoa, fungua rejeta uangalie maji. Kagua kama feni inazunguka, na kama rejeta imezibwa na tope, vumbi au mbegu za nyasi. Thermostati iliyokufa ibadilishwe. Kuitoa na kuacha pakiwa wazi huifanya injini ichelewe kupata joto lake sahihi, na hapo inalika haraka.

2. Petroli. Namba ya okteni hupima uwezo wa petroli kuvumilia joto na mgandamizo bila kulipuka yenyewe. Mafuta ya taa yana uwezo mdogo sana, na petroli iliyochanganywa nayo hugongesha injini. Uchakachuaji huu ulisumbua nchi nzima, hata EWURA ikaanza utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua faida ya kuchanganya. Petroli ya chupa na madumu ya barabarani haina risiti wala wa kumlalamikia. Ukiwa na shaka, dondoshea tone moja kwenye karatasi nyeupe, mbali na moto wowote. Petroli safi hukauka bila kuacha alama, ila yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Ukikuta doa, jaza petroli ya kituo unachokiamini na usikilize kama mlio umepungua.

3. Plagi. Tumia namba iliyopendekezwa kwa injini yako. Plagi yenye ncha nyeupe iliyoungua inaonyesha joto kali au petroli kidogo kuliko hewa. Yenye masizi meusi makavu inaonyesha petroli nyingi mno.

4. Hewa na petroli. Mpira wa hewa uliopasuka, au chujio la petroli lililoziba, huifanya injini ipate hewa nyingi na petroli kidogo. Mchanganyiko huo huchemka na kugonga.

5. Taimingi. Cheche ikiwahi mno, injini hugonga. Injini nyingi za Toyota za petroli za miaka ya 1990 zenye distribyuta, kama 4A-FE na 3S-FE, hupimwa kwa taa ya taimingi na kuwekwa nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, zikiwa kwenye sailensa, baada ya kuunganisha TE1 na E1. IST na Probox hazina distribyuta ya kuzungusha, kwa kuwa kompyuta ndiyo inayopanga cheche. Zina pia sensa ya kugonga. Sensa inapohisi kugonga, kompyuta huchelewesha cheche, na dereva hugundua tu kwamba gari limekuwa zito na linakunywa mafuta.

6. Masizi. Injini iliyotembea sana hujaa masizi juu ya pistoni. Masizi hushika joto na kuongeza mgandamizo, na fundi atalazimika kuyasafisha.

Wapo wanaosema gari la zamani linagonga kwa sababu limekosa petroli yenye madini ya risasi. Ni kweli kwamba mwaka 1921 Mmarekani Thomas Midgley aligundua kuwa risasi kwenye petroli huzuia kugonga, na Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo ya sumu kufikia mwanzoni mwa 2006. Lakini Japani ilianza kutumia petroli ya kawaida isiyo na risasi mwaka 1975. Gari la Japani la mwaka 1995 halikuwahi kuhitaji risasi. Tafuta chanzo kingine.

Mlio wa juu: valvu na tepeti

Huu ni mwepesi na wa haraka, tiki-tiki-tiki, na bisibisi huusikia zaidi kwenye kifuniko cha valvu. Ukisikika sekunde chache asubuhi kisha ukaisha, ni oili inayopanda. Ukiendelea injini ikiwa ya moto, pima oili kwanza, kisha fundi apime nafasi za valvu na kuzirekebisha. Gari linaweza kutembea hadi gereji, mradi oili ipo na taa imezima.

Kuna pia mlio mkavu wa pistoni iliyolika, unaosikika injini ikiwa ya baridi na kupotea ikipata moto. Huo ni uzee. Usipige resi asubuhi kabla injini haijapata joto, na uanze kuweka akiba ya ovahoo.

Mlio wa chini: huu usitembee nao

Mlio mzito, kong'-kong'-kong', unaotoka karibu na sampo na kuongezeka ukikanyaga mafuta, ni dalili ya beringi za konrodi au za kranki kulika. Mara nyingi injini ikipata moto mlio huzidi, kwa sababu oili imekuwa nyepesi.

Kuna jaribio la kuthibitisha. Zima injini, chomoa waya wa plagi moja na uuegeshe ugusane na chuma cha injini, kisha uwashe usikilize. Kwa gari lenye koili juu ya kila plagi, chomoa soketi ya koili. Rudia silinda moja moja, kwa sekunde chache tu, na usishike waya huku injini inazunguka. Mlio ukipungua sana kwenye silinda fulani, konrodi ya silinda hiyo ndiyo yenye tatizo.

Kisha mwaga oili kwenye karai safi na uitazame juani. Mchimbaji anajua kutafuta chembe kwenye karai, ila hapa zikimetameta ni habari mbaya. Chembe za rangi ya shaba zina maana beringi imelika hadi tabaka la ndani.

Gari likizimwa mapema, pengine kubadilisha beringi kutatosha. Ukiendelea kulitembeza, kranki hukwaruzika na kulazimika kuchongwa, milimita 0.25 au 0.50, na kufungwa beringi nene za kipimo hicho. Ukizidi hapo, konrodi hukatika na kutoboa bloki, na kilichobaki ni kutafuta injini nyingine. Fikiria hilo likitokea usiku, abiria wakiwa ndani, kati ya Kahama na Ushirombo.

Kuweka oili nzito ili mlio unyamaze hakutibu kitu. Humfaa anayetaka kukuuzia gari.

Gari la dizeli

Hiace na pikapu za dizeli hugonga kwa asili yake. Shtuka pale mlio unapobadilika na kuwa mkali, hasa ukiambatana na moshi mweupe au mweusi. Anza na chujio la dizeli na maji yaliyojikusanya humo. Vinavyofuata ni nozeli na taimingi ya pampu, na hizo zipimwe na fundi wa pampu. Usilegeze mabomba ya nozeli mwenyewe, kwani presha yake huweza kupenyeza dizeli ndani ya ngozi.

Ukifika gereji

Mweleze fundi mlio unatoka wapi, unatokea wakati gani, oili ilikuwa kiasi gani na petroli uliinunua wapi. Mwombe apime presha ya oili kwa geji kabla ya kufungua injini. Kwa Toyota nyingi za petroli za miaka hiyo, injini ikiwa ya moto na mzunguko ni 3,000 kwa dakika, presha inatakiwa iwe kilo 2.5 hadi 5 kwa sentimita ya mraba.

Akibadilisha beringi, mwombe akuonyeshe za zamani, kisha muulize zimelika kwa nini. Huenda pampu ya oili imechoka. Huenda chujio la ndani ya sampo limezibwa na gundi ya silikoni iliyopakwa kupita kiasi. Chanzo kikiachwa, beringi mpya nazo zitakufa.

Kwa gari kongwe linalopita kwenye vumbi la machimboni, badilisha oili na filta yake kila kilomita 3,000 hadi 5,000, kung'uta filta ya hewa mara kwa mara, na nunua oili kwenye kopo ambalo kizibo chake hakijafunguliwa. Na kila asubuhi, kabla abiria wa kwanza hajapanda, chomoa kijiti cha oili ukisome. Ni kazi ya dakika moja.