Mkataba Usio na Karatasi

Neno mkataba ni ndugu wa kitabu na katibu. Sote twalipokea kutoka Kiarabu, likiwa na harufu ya wino. Je, wino ukipotea, makubaliano nayo hufa?

Huko Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, hilo si swali la darasani. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwafukuza wakazi wengi wa Kinama na wa Kamenge, jirani yake. Aliyerejea bila hati na kumkuta mwingine nyumbani mwake, angethibitishaje kwamba aliinunua?

Warundi walikuwa na jibu la kale: abashingantahe, wazee waadilifu walioshuhudia mapatano na kuamua mashauri. Kumbukumbu yao ndiyo iliyokuwa daftari. Ila vita huua mashahidi pia, jambo ambalo wasifu wa mila hulisahau upesi. Mwaka 2006, miaka sita baada ya Mkataba wa Arusha, iliundwa tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, CNTB, ambayo maamuzi yake yalizusha ubishi mkali.

Ukifuatilia mkataba wa namna hiyo, anza kwa majirani wa pande zote nne. Kisha mtafute muuzaji, au warithi wake: huenda nakala ya pili ingali sandukuni mwao.