Kwa nini ndege ndogo huinamia upande mmoja, na mafundi wameirekebishaje tangu zamani

Abiria wa ndege ndogo hapa Bunia hulalamika kuhusu jambo moja: kwa nini tunapandishwa kwenye mizani, sisi wenyewe na mabegi yetu, kama mihogo ya sokoni? Mama aliyekimbia Djugu na watoto wake na furushi moja anaona aibu. Ana haki ya kuuliza, na jibu lake ni la zamani kuliko uwanja wetu wa Murongo.

Tarehe 17 Desemba 1903 ndugu Wright wa Marekani waliruka kwa mara ya kwanza, sekunde 12 tu. Rubani alilala kifudifudi kushoto kidogo ya katikati, injini ikawa kulia. Injini ilikuwa nzito kuliko mtu, kwa hiyo ndege ingeinamia kulia. Wakafanya nini? Walitengeneza bawa la kulia refu kuliko la kushoto kwa sentimita 10 hivi, ili libebe zaidi. Yaani ugonjwa huu umezaliwa pamoja na ndege yenyewe.

Baadaye zikaja ndege za mbao na kitambaa, zenye mabawa mawili juu na chini, kama zile za de Havilland Moth zilizoruka Afrika Mashariki wakati kampuni ya Wilson Airways ilipoanzishwa Nairobi mwaka 1929. Mabawa yake yalishikwa na nyaya za chuma. Bawa likiwa zito, fundi alikaza waya huu na kulegeza ule, akalipinda bawa kidogo mpaka lipate hewa zaidi. Alipima kwa pimamaji, ile nivo ya mafundi wajenzi. Kazi ya subira hiyo: ukikaza waya mmoja, mwingine unabadilika.

Huku kwetu wengi wanaijua zaidi Cessna 206, ya bati, yenye bawa juu ya kichwa cha abiria. Ilianza kutengenezwa miaka ya 1960, na nyingine za umri huo bado zinafanya kazi duniani. Mafuta yake yamo ndani ya mabawa. Katika nyingi za zamani rubani huchagua tangi la kushoto au la kulia, akisahau kubadilisha, upande mmoja unabaki umejaa. Lita moja ya mafuta hayo ina uzito wa karibu gramu 720. Tofauti ya lita 70 ni kilo 50, kama mfuko mmoja wa simenti uliowekwa juu ya bawa, mbali na katikati ambako abiria wamekaa.

Ndiyo maana fundi mzuri hashiki spana kwanza. Anauliza habari za mafuta na mizigo. Anaangalia kama usukani wa mkia umenyooka, kwa sababu ndege inayokwenda ubavu nayo huinama. Halafu anaangalia flapu, zile sehemu za nyuma ya bawa zinazoshushwa wakati wa kutua. Hapa wengi hudanganyika: flapu ya kulia ikining'inia kidogo, bawa la kulia linainuka, na bawa la kushoto ambalo ni zima ndilo linaonekana zito.

Yote yakiwa sawa, anakwenda kwenye shina la bawa. Pale nyuma, bawa limefungwa kwa bolti inayopita ndani ya bushi zenye tundu lisilokaa katikati. Ukizizungusha, ukingo wa nyuma wa bawa unapanda au kushuka kidogo sana. Ukishuka, bawa linabeba zaidi; ukipanda, linabeba kidogo. Baadhi ya ndege zina pia kibao kidogo cha bati nyuma ya bawa kinachokunjwa kwa mkono. Mimi naona kibao hicho kingekuwa cha mwisho, maana kinaweza kuficha flapu mbovu au bawa lililowahi kugongwa.

Rubani mwenye nguvu anaweza kuizuia ndege hiyo kwa mkono saa nzima. Lakini akishusha macho kutazama ramani ndani ya wingu, ndege inaanza kugeuka yenyewe. Na mkono uliochoka ndio unaotakiwa kuitua kwenye kiwanja chembamba cha udongo. Jimboni Ituri hilo si jambo dogo. Barabara zikifungwa kwa mashambulizi, mgonjwa wa Boga au Nyankunde anaweza kukosa njia nyingine. Nyankunde ndiko shirika la MAF lilikuwa na kituo chake kabla ya mauaji ya Septemba 2002, na watu wa huko wanajua maana ya kuisikia ndege ikija.

Baada ya matengenezo ndege hujaribiwa bila abiria, hewa ikiwa bado imetulia, matangi mawili yakiwa sawa. Rubani anaachia usukani na kutazama ni bawa lipi linashuka, na kwa haraka gani. Anatua, fundi anazungusha bushi kidogo tena, na ndege inarudi angani.