Uzi: "Huyu si wa hapa, mtazame sura"

Msimu wa kura ukikaribia, mjadala ni ule ule: Kakuma kumejaa wapigakura wa kuletwa. Ushahidi? Picha ya foleni, uso mmoja umezungushiwa duara jekundu. "Huyu ni wa Sudan Kusini." Mwingine anajibu, "Hapana, ni nusu, mamake Mturkana." Jina lake hakuna anayelijua. Mimi ni wa Lodwar na sura yangu imeshapewa nchi tatu, kwa hivyo wacha tuketi na historia kidogo.

Wazee wetu husimulia habari za Nayeche, mwanamke wa Wajie, kule Karamoja, Uganda ya leo. Alifuata dume la kijivu lililopotea mpaka bonde la mto Tarach, watu wake wakamfuata. Tarach ndio huo unaopita Kakuma! Yaani kwa simulizi letu wenyewe tulikuja Kakuma kutoka ng'ambo, ila mpaka ulikuwa haujachorwa. Tulipozidi kusambaa tukameza wengine, kama Wasiger. Leo Ngisiger ni Waturkana kamili.

Jamaa zetu wako pande zote: Wajie na Wakaramojong Uganda, Watoposa Sudan Kusini, Wanyangatom Ethiopia. Tukiongea tunasikilizana. Sasa Mtoposa na Mturkana utawatenganisha kwa pua? Kuna wanaosema angalia meno ya mbele ya chini yaliyong'olewa. Waturkana huyang'oa, na Wadinka pia. Isitoshe, hiyo ni mila, hakuna anayezaliwa nayo.

Halafu karatasi. Mkoa wa Rudolf, magharibi mwa ziwa letu, ulihesabiwa Uganda hadi 1926. Kuna mababu waliobadilishiwa nchi bila kusogeza hata mbuzi.

Kambi ya Kakuma ilianza 1992, makazi ya Kalobeyei 2016. Miaka zaidi ya thelathini watu wameuziana kuni na mbuzi, wamependana, wamezaa. Hapa ndipo penye uchungu. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inasema mzazi mmoja akiwa raia, mama au baba, mtoto ni raia wa kuzaliwa. Haikusema nusu raia. Lakini binti wa mama Mturkana na baba mkimbizi akienda kuomba kitambulisho, swali linaanzia usoni. Na kama aliwahi kuandikishwa kambini ili nyumbani wapate mgao wa chakula, alama za vidole zake ziko kwenye sajili ya wakimbizi. Garissa, maelfu ya Wakenya wamekwama hivyo hivyo.

Hatuanzi leo. Novemba 1989 serikali iliagiza Wakenya wenye asili ya Kisomali wapigwe msasa, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi watembee nayo. Jirani mwenye nywele za singa na pua nyembamba ilibidi athibitishe kwao ni wapi. Sisi wengine hatukuulizwa.

Sisemi vitambulisho vya kununua havipo. Vipo, na wanaoviuza wanastahili kushtakiwa. Ila hao hawajawahi kunaswa kwa duara jekundu. Sajili ya wapigakura hufunguliwa kwa ukaguzi kabla ya uchaguzi mkuu. Mwenye shaka na foleni ya Kakuma aanzie huko, na hiyo picha aifute.