Nani Mwenye Reli? Kijiji cha Abergynolwyn, Machimbo ya Sleti na Reli ya Talyllyn, 1864–2021

Mgeni anayepanda treni ya Talyllyn katika stesheni ya Tywyn Wharf, pwani ya magharibi ya Welisi, hutambua jambo moja kabla hata injini haijapiga honi: mabehewa ya zamani yana milango upande mmoja tu. Nilipoizuru reli hiyo nilidhani ni mtindo wa mafundi wa karne ya 19. Kumbe ni kovu la kosa la ujenzi. Mnamo 1866, Kapteni Henry Tyler, mkaguzi wa serikali, alipofika kuikagua reli kabla haijaruhusiwa kubeba abiria, aligundua kwamba nafasi kati ya behewa na kuta za madaraja ilikuwa finyu mno. Abiria ambaye angefungua mlango chini ya daraja asingeweza kutoka. Badala ya kuyabomoa madaraja, wenye reli walizisogeza reli upande mmoja chini ya madaraja hayo na kuifunga daima milango ya upande wa pili. Zaidi ya miaka 150 imepita, na abiria wa leo bado hushukia upande uleule.

Nimeanza na milango hiyo kwa sababu mjadala wa urithi wa viwanda, katika kanda yetu na kwingineko, hupenda kuuliza swali la fedha kwanza: nani atalipia ukarabati? Makala haya yanauliza swali lililotangulia hilo, yaani urithi unaohifadhiwa ni wa nani, na ni historia ya nani inayobaki kusimuliwa pale kazi inapokwisha na reli ikabaki. Abergynolwyn ni mahali pazuri pa kuuliza swali hilo, kwa kuwa Talyllyn ndiyo reli ya kwanza duniani iliyookolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea.

Sleti ni jiwe linalopasuliwa kwa tabaka nyembamba. Wazee wetu waliosoma shule za misheni wanalikumbuka kama kibao cha kuandikia. Ulaya ya karne ya 19 ililijua zaidi kama kigae cha kuezekea. Katika mlima wa Bryn Eglwys, juu ya kijiji, jiwe hilo lilianza kuchimbwa katika miaka ya 1840 na John Pughe. Uchimbaji wake ulikuwa mdogo. Mawe yalibebwa kwa wanyama wa mizigo hadi Pennal, yakapakiwa katika mashua na kuteremshwa kwa mto Dyfi hadi Aberdyfi. Gharama ya njia ilikula faida ya jiwe.

Mabadiliko yalitoka mbali. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilikata pamba iliyolishwa viwanda vya Lancashire, pamba ambayo kwa sehemu kubwa ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Matajiri wa viwanda vya nguo vya Manchester, miongoni mwao William McConnel, walitafuta mahali pengine pa kuweka mtaji wao, na mwaka 1864 kampuni yao ikashika machimbo ya Bryn Eglwys. Msomaji wa historia ya pwani yetu atakumbuka kwamba vita hivyohivyo viliiondoa nguo ya merikani katika maduka ya Zanzibar na kuwafungulia mlango wafanyabiashara wa nguo za Uingereza na India. Sidai kwamba Tywyn na Zanzibar zilijuana. Ninachosema ni kwamba kijiji cha milimani Welisi, ambacho leo huuzwa kwa watalii kama pembe tulivu ya dunia, kilizaliwa ndani ya uchumi uleule wa pamba na utumwa ulioigusa pwani ya Afrika Mashariki. Maelezo ya urithi yanayoanza na injini za mvuke pekee huuacha mtaji huo gizani.

Kampuni ilipata sheria ya Bunge ya kujenga reli mwaka 1865. Mhandisi alikuwa James Swinton Spooner, na upana wa njia ulikuwa milimita 686, kipimo cha nadra ambacho baadaye kilikuja kuwa na faida isiyotarajiwa. Injini mbili za mwanzo, Talyllyn ya 1864 na Dolgoch ya 1866, zilitengenezwa na Fletcher Jennings wa Whitehaven, na zote mbili zingalipo. Kampuni haikujenga reli tu. Vitongoji viwili vidogo, Pandy na Cwrt, viliunganishwa kwa safu za nyumba za wafanyakazi, na hivyo ndivyo Abergynolwyn ilivyopatikana. Kwa kuwa reli ilipita juu ya kijiji, mteremko wa kamba ulijengwa kushusha mabehewa hadi bondeni, na vijia vya reli vikafika nyuma ya nyumba: makaa yaliletwa hapo, na taka za vyooni zikaondolewa kwa njia hiyohiyo. Reli ilikuwa mshipa wa kijiji katika maana halisi kabisa.

Wakati wa kilele machimbo yaliajiri takribani watu 300. Wengi wao walilala katika mabweni ya mlimani siku za kazi na kurudi majumbani mwisho wa juma. Walizungumza Kiwelisi chini ya ardhi, kanisani na nyumbani; Kiingereza kilikuwa lugha ya hesabu, mikataba na wamiliki. Kwa hadhira ya mkutano huu sihitaji kueleza zaidi maana ya mpangilio kama huo.

Bei ya sleti iliporomoka kuelekea mwisho wa miaka ya 1870, na Bryn Eglwys haikurudia ustawi wake wa awali. Mwaka 1911 machimbo na reli vilinunuliwa na Henry Haydn Jones, mbunge wa chama cha Kiliberali wa Merioneth na mtu aliyejulikana pia kwa kukusanya na kuchapisha nyimbo za ibada za Kiwelisi. Alikuwa mwenyeji wa Tywyn, na ni vigumu kueleza kwa hesabu za biashara peke yake kwa nini aliendelea na mali hiyo kwa miaka karibu 40. Mwamba ulipoporomoka Desemba 1946, machimbo yalifungwa. Yeye aliahidi kuendesha treni za abiria maadamu yu hai, na alitimiza. Reli zilichakaa, mataruma yakaoza, nyasi zikafunika njia, na injini ya Dolgoch ikabaki peke yake kazini. Serikali ilipotaifisha reli za Uingereza kuanzia Januari 1948, Talyllyn haikujumuishwa katika orodha. Kusahauliwa huko kuliiponya: reli ndogo kama hiyo, chini ya shirika la taifa, pengine isingechelewa kufungwa. Reli jirani ya Corris, iliyochukuliwa na serikali, ilifungwa mwaka huohuo wa 1948.

Haydn Jones alifariki Julai 1950. Tarehe 11 Oktoba mwaka huo mwandishi L. T. C. Rolt na wenzake waliitisha mkutano katika hoteli moja mjini Birmingham, ukahudhuriwa na takribani watu 70, akiwemo Edward Thomas, meneja aliyeitumikia reli kwa miongo mingi. Chama cha kuihifadhi reli kikaundwa. Mjane wa Haydn Jones angeweza kuuza vyuma kwa bei ya chakavu. Badala yake alikubali hisa ziwekwe chini ya kampuni mpya, ambayo bodi yake ilikuwa na wajumbe wa upande wake na wa chama. Mei 14, 1951, treni ya kwanza chini ya utawala huo mpya iliondoka Tywyn Wharf kuelekea Rhydyronen. Injini mbili za Corris, zilizokuwa zimekaa bila kazi, zilinunuliwa kwa pauni 25 kila moja. Kwa kuwa Corris nayo ilikuwa na upana wa milimita 686, ziliingia njiani bila kubadilishwa. Moja ikaitwa Sir Haydn, nyingine Edward Thomas.

Hapa ndipo wasimulizi wengi hushangilia na kufunga kitabu. Mimi naona ndipo tatizo linapoanza. Mkutano ulifanyika Birmingham, Uingereza. Wengi wa waliojitolea miaka ya mwanzo walikuwa Waingereza wa mijini, wapenzi wa injini, watu wenye likizo na mshahara. Wachimbaji walikuwa wamepoteza kazi miaka minne tu nyuma, na waliotaka ajira mpya walilazimika kutazama kwingine. Kwa hiyo kitu kilichokuwa chombo cha kazi cha Wawelisi kiligeuka kuwa starehe yenye nidhamu ya wageni. Sisemi hivyo kwa kejeli. Bila wageni hao vyuma vingeyeyushwa, nasi tusingekuwa na cha kujadili. Tena baadhi ya wafanyakazi wenyeji walibaki, wakawafundisha wageni namna ya kuitunza njia ambayo hakuna kitabu kilichoieleza. Ujuzi huo wa mikono, uliohamishwa kutoka kwa mwenyeji hadi kwa mgeni kwa kufanya kazi bega kwa bega, ni sehemu ya urithi inayostahili kuandikwa zaidi ya namba za injini.

Kujitolea nako kusieleweke kama kazi ya bure. Reli hii ina wafanyakazi wachache wa kulipwa wanaobeba mwendelezo wa kazi mwaka mzima. Wanaojitolea hujifunza hatua kwa hatua, kutoka kusafisha injini hadi kuchochea moto na hatimaye kuendesha. Mshauri wa sera anayedhani kwamba jumuiya ya kujitolea huondoa haja ya bajeti hajauona mtambo wa mvuke ukifanyiwa ukaguzi.

Julai 2021 Mandhari ya Sleti ya Kaskazini-Magharibi mwa Welisi iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Moja ya sehemu zake sita inataja pamoja machimbo ya Bryn Eglwys, kijiji cha Abergynolwyn na Reli ya Talyllyn. Mpangilio wa majina hayo matatu una uzito. Kwa miaka 70 reli ilikuwa mbele na kijiji nyuma, kama mandhari ya dirishani. Uandikishaji huu ulihesabu utamaduni wa Kiwelisi wa wachimbaji, pamoja na lugha yao, kuwa sehemu ya thamani inayolindwa.

Kwetu Uganda, reli iliyofika Kasese mwaka 1956 ilijengwa kuifuata shaba ya Kilembe, kama vile Talyllyn ilivyoifuata sleti. Uchimbaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na treni nazo zikakoma. Tofauti ni nyingi, kuanzia ukubwa hadi siasa, wala sipendekezi treni ya watalii kwenda Kasese. Ninachopendekeza ni kinyume cha mpangilio wa Talyllyn: tuanze na watu. Waliofanya kazi Kilembe na kwenye njia ile, katika lugha walizotumia kazini, warekodiwe wangali hai, kabla ya mtu yeyote kupaka injini rangi. Welisi ilianza na injini, na ilichukua miaka 70 kukifikia kijiji katika hati rasmi.

Reli ya leo haiishii Abergynolwyn. Mwaka 1976 wanaojitolea waliirefusha kwa abiria hadi Nant Gwernol, kwenye njia ambayo awali ilipitisha mawe tu, na sasa urefu wake wote ni kama kilomita 11.7. Stesheni hiyo ya mwisho haina barabara ya magari. Injini huzunguka, hufungwa upande wa pili wa mabehewa, na abiria wengi hurudi nayo Tywyn baada ya dakika chache. Mteremko uliopeleka mabehewa machimboni unaanzia hapo. Anayetaka kufika mahali walipofanya kazi wachimbaji hupanda kwa miguu.